Siku ya Mzinga Kule Minose

Bendera nyekundu ikipandishwa juu ya kilima cha mzinga, kila nyumba ya Minose hufungua milango na madirisha yote. Ni amri ya jeshi, ila hata bila amri wangefungua, maana mzinga ukilia, nyumba iliyofungwa hupasuka milango yake ya karatasi na vigae hushuka vyenyewe. Sahani na vikombe hutolewa nje na kulazwa juu ya magodoro uani. Basi siku hiyo nyumba huwa wazi kama kibanda cha sokoni, na mpita njia huona shuka lenye viraka na chungu kisicho na kitu.

Kwa sababu hiyo Bi Masa, mshenga, hakupeleka mtu kuangalia mchumba siku nyingine yoyote.

"Siku za kawaida watu wanakuonyesha sebule," alikuwa akisema. "Siku ya mzinga wanakuonyesha wanavyoishi."

Mzinga wenyewe ulitolewa kwenye manowari kuukuu na kupandishwa kilimani zamani, wakati babu yake Sueno, binti wa kuangaliwa leo, bado ana nywele. Una mitutu miwili, na kazi yake ni kulinda mlangobahari. Sasa vita ilikuwa imepamba moto, lakini meli za adui zilipita kwingine, na mzinga ukabaki kupigwa kwa majaribio tu. Ulikuwa haujazamisha hata mtumbwi. Ila ulikuwa umevunja vyombo vya Minose, ukawakomesha kuku wa Minose kutaga, na ukamfanya yule babu kiziwi hadi anazikwa. Na yote hayo yalikuwa siri ya taifa. Ilikuwa marufuku kuuchora au kuutaja, kwa hiyo watoto shuleni walipochora kijiji chao waliacha nafasi tupu mahali pa kilima, na jua likachomoza nyuma ya nafasi hiyo.

Aliyefaidika na mzinga ni mmoja tu, Tokuji, fundi milango, aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja mbovu. Kila baada ya majaribio alipita nyumba kwa nyumba akirekebisha milango iliyotoka kwenye reli zake. Sueno alikuwa amemwangalia sana. Nyumba za wengine alizimaliza asubuhi. Kwa kina Sueno, mlango ukishateleza vizuri, yeye anausukuma tena kwa kidole, anaurudisha, anautazama kama anayemkagua mgonjwa. Sueno hakumwambia mtu. Alileta chai, akasubiri.

Leo mama yake Tokuji, Bi Nobu, alikuwa anakuja na Bi Masa. Akiipenda nyumba, harusi kabla ya mavuno. Asipoipenda, kulikuwa na binti wa mtengeneza mchuzi wa soya ng'ambo ya ghuba, ambaye nyumba yao ilikuwa na maghala.

Mama yake Sueno, Kikue, hakutaka kushindwa na maghala. Alfajiri aliazima kabati la droo kwa jirani wa mbele, Otsuru.

"Mama, Bi Nobu atalijua. Tokuji ndiye aliyetia droo zile."

"Droo ni droo, mwanangu. Kaa kitako, na usitazame juu. Binti anayeangaliwa hatazami watu wala haongei."

Sueno alijaza pamba masikioni kama afanyavyo kila mara. Kikue alikataa yake. Kumpokea mgeni masikio yamezibwa, alisema, ni kama kumwambia usiongee.

Wageni walifika tarumbeta ya onyo ikilia kilimani. Hapakuwa na nafasi ya kusalimiana. Wakaketi barazani, wanawake watatu wenye heshima zao, wakaachama vinywa kama samaki, maana ndivyo mtu anavyookoa masikio, kidogo.

Mzinga ukalia. Ardhi ikaruka, vumbi likashuka darini, kisha kimya.

Bi Nobu alikung'uta mkono wa kimono, akatazama ndani. Akaziba mdomo kwa adabu na kumnong'oneza Bi Masa sikioni. Au alidhani ananong'ona. Masikio yake yalikuwa yanavuma, na sauti ilimtoka kama ya mwuza samaki.

"Dada Masa, kabati lile si la Otsuru?"

Mbwa aliyelala barabarani akainuka akahama.

"Langu," Otsuru akajibu kutoka uani kwake. "Na lirudi leo."

Kikue naye akamwinamia binti yake, akanong'ona vilevile. "Anavyokagua. Mwanawe anachechemea kama bata, sisi tumesema neno?"

Hilo Bi Nobu alilisikia. Uso ukamkauka. Akaanza kufunga tena kitambaa alichobebea zawadi, akamnong'oneza tena mshenga, na nyumba za mwisho wa njia zikasikia.

"Twende zetu. Kuazima kabati si neno, nani hajaazima? Na msichana nimempenda. Lakini mwanangu hataishi na watu wanaomcheka mguu."

Sueno alikuwa anatazama mkeka. Akisema, amevunja adabu mbele ya mkwe. Asiposema, mkwe anaondoka.

"Mama, mguu nimeuona," alimwambia Bi Nobu. Hakuna aliyegeuka. Akavuta pumzi, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Mguu nimeuona, mama. Nimeuona kila alipokuja. Mlango wetu hupona mapema, yeye huendelea kuusukuma mpaka jua linazama. Na mimi chai naileta polepole makusudi."

Mtaani mtu alicheka, kisha wengi. Uani kwa Otsuru, Tokuji alikuwa ameshika mlango uliochomoka. Akaushika zaidi, ukimfunika uso.

Bi Nobu akakiachia kitambaa. "Kumbe ndiyo maana anachelewa. Nilidhani milango yenu mibovu."

"Mibovu pia," Kikue akasema kwa sauti kubwa. Hilo alikuwa amelisikia.

"Basi aje kwangu. Ila asije na kabati la mtu."

"Unasemaje?"

"Nasema aje."

"Nani aje?"

"Amekubali, Kikue," Otsuru akapiga kelele kutoka ng'ambo ya njia. "Amekubali. Mpe mwenzio chai."

Kikue akainuka kwenda jikoni, akageuka, akamtazama binti yake kwa ukali wote aliobakiwa nao. Sueno akarudisha macho kwenye mkeka, kama anavyotakiwa binti anayeangaliwa.