Radi za Meru Zinanong'ona

Tik. Tik-tik. Tik.

Ukucha ulikuwa unagonga kikombe cha bati upande wa pili wa ukuta, taratibu, bila kuyumba. Namnyaki alifumbua macho gizani akasikiliza. Kulikuwa hakujapambazuka, na baridi ya mtaa wa Kimandolu ilikuwa imejipenyeza chini ya mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Anande, bintiye wa miaka mitatu na nusu, alikuwa amelala fofofo ubavuni mwake, mguu mmoja juu ya tumbo la mama. Ule ukucha ulikuwa wa Mzee Solomoni, baba mkwe wake. Alikuwa anahesabu mapigo ya wimbo ambao bado haujatungwa.

Alipotoka jikoni na chupa ya chai alimkuta mzee amekwisha kuvaa lile koti lake la ngozi, lililochanika kwapani tangu enzi za ujana wake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama Anande. Umelala?"

"Nimelala. Wewe je?"

"Mimi nilalie nini? Kesho asubuhi namjibu Hans." Akamsogezea daftari jipya la shule lenye kalamu katikati. "Leo Jumamosi huna masomo ya jioni. Nenda kakae dukani kwa Shaista. Kila anayenunua, muulize swali moja tu. Nimeliandika hapo juu."

Namnyaki akafungua. Kwa mwandiko wa karani mstaafu, herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride, palikuwa pameandikwa: *Kwa nini umenunua?*

Ndilo swali lililokuwa limeizunguka nyumba ile kwa miezi minne. Zamani, Namnyaki akiwa hajazaliwa, wala mumewe Thomasi, vijana watatu wa Arusha walijiita Radi za Meru. Solomoni aliimba na kupiga gitaa la besi. Balbir, mtoto wa fundi magari, alipiga gitaa la solo. Kishor, ambaye baba yake aliuza vitambaa, alikuwa nyuma ya drumu. Walipiga roki ya umeme kwenye mahoteli na kumbi za shule, nywele mpaka mabegani, na inasemekana siku moja vioo vya ukumbi vilipasuka. Kisha mambo yakabadilika. Balbir akarudi gereji, Kishor akarudi dukani, Solomoni akashika kalamu ofisini. Miaka arobaini ikapita.

Mwaka jana wakarekodi tena, nyimbo nane, wakazitia kwenye flashi. Hakuna aliyetegemea kitu. Thomasi mwenyewe, kabla ya kuondoka na watalii wake kwenda mbugani, alisema zile flashi zitafaa kugawiwa harusini. Shaista, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na Soko Kuu, alizipokea kwa kumwonea haya Kishor, rafiki wa marehemu baba yake. Baada ya wiki mbili akapiga simu: zimekwisha, leteni nyingine. Sasa walikuwa kwenye mzigo wa tano.

Kila mzee alikuwa na jibu lake. Balbir alisema ni gitaa. Kishor alisema ni picha ya jalada, ambapo watatu wao wamenuna na Mlima Meru umenuna nyuma yao. Solomoni alisema vijana wamechoshwa na muziki wa kubonyeza vitufe, wanataka radi. Kwa hiyo albamu ya pili ingepigwa kwa nguvu zote, katika ukumbi wa Hans kule Usa River, na spika zenye kimo cha mlango; Hans alikuwa akingoja tu aambiwe kama wanaukodi.

"Tumewapa nusu radi wakanunua hivi," alisema mzee akifunga zipu iliyogoma katikati, "tukiwapa radi kamili itakuwaje?"

*

Mnunuzi wa kwanza alifika saa tatu na mtoto mgongoni, mwingine mkononi.

"Dada Shaista, ile ya Wazee wa Usingizi bado ipo?"

Kalamu ya Namnyaki ikasimama hewani.

"Ipo, Agnela. Yako imepotea?"

"Huyu hapa kaitumbukiza kwenye uji. Jana hatukulala nyumba nzima."

Shaista alicheka, akamwonyesha Namnyaki kwa kidevu. "Mjibu dada yako hapo, ana mtihani."

Namnyaki akasoma lile swali. Agnela akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini ananunua chumvi.

"Si kwa ajili ya hawa mapacha! Mimi nafunga maua kwenye shamba kule Usa River, natoka nyumbani alfajiri. Nikirudi nimechoka, na wao ndiyo kwanza wanaanza sherehe. Jirani akaniazima hiyo. Mdogo wangu, wimbo wa kwanza wananyamaza. Wa pili macho yanalegea. Wa tatu sijui unaishaje mpaka leo, maana na mimi nakuwa nimeshaondoka."

"Lakini ni roki," Namnyaki alisema.

"Ni nini?"

"Ni... muziki wa magitaa."

"Aa, hayo mimi sijui. Mimi najua wale wazee wanaimba kama wanaogopa kumwamsha mtu."

Akalipa akaenda zake. Namnyaki hakuandika kwanza. Mawazo yalikuwa yamemrudisha Julai ya mwaka jana, kwenye ukungu usioondoka mpaka saa sita, na kifua cha Anande kilichokuwa kikikoroma kama birika. Usiku wa tatu bila usingizi. Wazee walikuwa wamehamishia vyombo sebuleni, kwa kuwa gereji kwa Balbir wachomeleaji hawakukubali kunyamaza. Kijana wa kurekodi alikuwa amepanga maikrofoni zake kati ya makochi. Mchana ule mtoto alikuwa ndiyo kwanza amesinzia, na Kishor akainua vijiti vya drumu.

Namnyaki alikuwa na miaka minne katika nyumba ile na hakuwahi kuomba kitu. Alipika, alifua, alisoma vitabu vyake vya jioni chini ya taa ya jikoni, akapita pembeni mwa ukuta kama mtu aliyepanga kwa muda. Siku ile miguu yake ilimfikisha mlangoni bila kumuuliza.

"Baba, samahanini wazee wangu. Mtoto ndiyo kwanza amepata usingizi."

Wazee walitazamana. Kisha Balbir akaigeuza spika ya gitaa, akaiziba uso kwa godoro. Kishor akaomba kitambaa. Namnyaki akampa nepi mbili za zamani za Anande, naye akazifunga kwenye vijiti kama mtu anayefunga kidonda. Solomoni akajisogeza karibu na maikrofoni, akaanza kuimba kwa kifua badala ya koo. Ikawa hivyo siku zote sita.

"Hakuna shida," mzee alisema siku ile, akimwelekezea kijana wa mitambo kidole. "Huyu ataongeza nguvu kule kwenye kompyuta."

Waliamini hivyo kwa moyo wote. Waliamini nguvu ya wimbo ni kama chumvi, kwamba unaweza kuikumbuka chakula kikiwa mezani. Kijana aliongeza sauti, ndiyo, lakini hakuweza kutia kelele kwenye koo ambalo halikupiga kelele. Na wazee walipoketi kusikiliza, masikio yao, yaliyoliwa na spika tangu ujana, yalitaka wafungulie mpaka mwisho. Wakasikia radi. Wakakumbatiana.

Mpaka jioni daftari lilikuwa limejaa kurasa mbili. Mlinzi wa usiku anayelala mchana chini ya bati lenye moto. Bibi wa Kimandolu aliyefiwa na mumewe, anayesema ule wimbo wa tano unamfanya asihofie chumba kitupu. Mwanafunzi wa chuo cha Makumira aliyetumwa na dada yake mwenye mimba. Wanawake wenye watoto, na wanawake wenye watoto.

"Kweli hamkujua?" Shaista aliuliza akishusha mlango wa chuma. "Mimi nilidhani ndiyo kazi mliyoikusudia!"

*

Alirudi kwa miguu ili barabara iwe ndefu. Angeweza kung'oa zile kurasa mbili. Angeandika nyingine: *Gitaa. Nguvu. Ngurumo.* Nani angejua? Lakini kesho Hans angejibiwa, spika zenye kimo cha mlango zingewashwa, na Agnela angenunua flashi, aiwashe mapacha wakiwa kitandani. Namnyaki alizisikia sauti za wale mapacha hapo hapo barabarani. Kisha akasikia kimya kitakachofuata dukani kwa Shaista, na kicheko, na mzee wake akirudi kulitundika koti.

Na bado mdomo ulikuwa mzito. Mwalimu Hanna wa masomo ya jioni aliwahi kumrudishia insha yenye alama nzuri na mstari mmoja wa wino mwekundu: *Sentensi safi, lakini wewe uko wapi humu?*

Wazee watatu walikuwa barazani wakimsubiri, karanga za kukaanga katikati yao, jua likiegemea bega la Meru. Balbir alikuwa na kilemba kipya. Kishor alikuwa akipiga goti lake kwa vidole. Anande alikuwa ameketi chini akichambua maganda.

"Karibu, mtafiti!" Balbir aliita. "Waambie ni gitaa, tuwahi kula."

"Picha," alisema Kishor. "Uso huu."

"Uso huo ungefukuza wateja hata gulioni."

Mzee Solomoni hakucheka. "Soma, mama Anande. Miwani yangu iko ndani."

Namnyaki akafungua daftari. Akasoma yote, jina kwa jina, maneno kama yalivyosemwa. Alisoma mapacha wa Agnela na bati la mlinzi. Alisoma wimbo wa tano na chumba cha bibi. Hakuruka hata pale palipoandikwa Wazee wa Usingizi. Alipofika mwisho aliendelea, ingawa karatasini hapakuwa na kitu.

"Ni mimi, Baba. Mimi ndiye niliyewaomba mpige chini chini. Ndiyo sababu. Mkipiga kwa nguvu kule Usa River hawatanunua. Nimeona nikwambie kabla hujamjibu Hans."

Ganda la karanga lilivunjika mkononi mwa mtu. Kisha tumbo la Kishor likaanza kutikisika kabla ya sauti kutoka.

"Nepi!" alisema akifuta machozi. "Balbir, bwana, miaka arobaini unanunua magitaa kutoka ng'ambo. Kumbe ni nepi!"

"Nyamaza wewe," Balbir alisema, lakini ndevu zake zilikuwa zinacheka. "Kwa hiyo mimi ni dawa ya usingizi? Mke wangu atafurahi. Anasema hivyo tangu tuoane."

Solomoni aliinuka. Alivua koti, akalibeba mkononi, akaingia ndani. Kicheko kikafa. Namnyaki akabaki amelishika daftari kifuani, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakutafuta ukuta wa kupita pembeni yake. Alisimama pale pale.

Giza lilipoanza kuingia, umeme ukakatika mtaa mzima. Balbir na Kishor waliaga kwa sauti ndogo. Namnyaki alimwogesha Anande kwa mwanga wa mshumaa, akamlaza, mtoto akagoma. Alitaka maji. Alitaka baba yake. Alitaka kujua simba wa baba wanalala wapi.

Mzee alitokea mlangoni na gitaa la mbao lisilohitaji umeme.

"Naweza?" aliuliza.

Namnyaki akamsogezea kigoda. Mzee aliketi, akakaa na mkono juu ya nyuzi bila kuzigusa.

"Thomasi alipokuwa kama huyu," alisema, "nilikuwa kwenye mahoteli. Sikumlaza hata siku moja. Nilikuwa naimbia watu wasilale." Akasafisha koo. "Huyo Agnela, alisema wimbo wa tatu hajui mwisho wake?"

"Hajui, Baba."

"Mwisho wake ndio mzuri."

Akaanza. Alipiga kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha, na sauti yake ikatoka kule kifuani ilikokuwa imekaa tangu Julai. Mshumaa ulisimama wima. Nje, mbwa aliyekuwa akibweka alisahau alichokuwa akikibwekea. Namnyaki aliegemeza kichwa ukutani, ukuta ule ule wa tik-tik, akaona macho ya mtoto yakifumba, na kope zikatulia.

Mzee naye aliziona. Akaupunguza wimbo, mpaka uzi mmoja tu ukabaki unatetemeka, kisha akauwekea kiganja na kunyamaza.

"Babu, usiache, bado sijalala," Anande akasema.