Soksi za Mama Mkwe

Fundi bomba wa idara ya maji alikuwa na miguu iliyomtii vizuri hadi kilomita ya saba, kisha ikagoma kama punda mbele ya daraja. Mwaka uliopita, kwenye mbio za wafanyakazi za kilomita kumi, misuli ilimkaza akaketi kando ya barabara, na karani wa masijala, mjamzito wa miezi sita, akampita akitembea huku anakula ndizi. Tangu siku hiyo ofisi nzima ilimwita Kituo.

Mwaka huu aliapa hacheki na mtu. Msoma mita mmoja, bingwa wa kujua mambo nusunusu, alimpa siri.

"Vaa nguo za kubana. Msuli ukikimbia unatikisika, ukitikisika unachoka. Ubane utulie."

Kituo alizunguka maduka yote ya michezo. Zilizokuwepo zilikuwa za watu wembamba. Nyingine hazikupita hata kisigino. Asubuhi ya mbio, akiwa bafuni, akaziona zimeanikwa kwenye kamba: soksi za mama mkwe, rangi ya maharage, ndefu hadi mapajani. Mama huyo alikuwa amekuja kutibiwa miguu iliyokuwa ikimvimba, na daktari alimwandikia soksi hizo zibane damu isituame chini.

Heshima ilimwambia aziache. Kilomita ya saba ikamwambia vaa. Alipigana nazo dakika ishirini, ameketi juu ya kifuniko cha choo, jasho likimtiririka kabla hata ya mbio.

"Uko salama humo?" mkewe aliuliza.

"Tumbo."

Akavaa kaptura, kisha suruali ndefu juu ya vyote, akatoka kama mwizi.

Na kweli, hadi kilomita ya tano alikimbia kama kaazima miguu. Hakuna kilichotikisika isipokuwa kitambi, ambacho hakikuwa na soksi. Akampita msoma mita, akampita karani. Jua lilipokolea akavua suruali ndefu akabaki na kaptura. Watu walicheka, yeye akadhani wanamshangilia, akapunga mkono.

Kilomita ya saba akaivuka. Kumbe mpira wa juu wa soksi ulikuwa umeanza kujikunja, ukateremka, ukawa kamba juu ya magoti. Nyayo zikapoa, halafu zikajaa sisimizi, halafu hakuzisikia tena. Kwenye kilomita ya nane akaanguka chini kwa makalio, mbele ya viti viwili vya plastiki.

Kimoja alikikalia mkewe. Cha pili alikikalia mama mkwe, aliyekuja kumshangilia baada ya kupekua nyumba nzima asubuhi hiyo. Miguu yake ilikuwa imefura, ameinyoosha juu ya ndoo.

"Shikamoo, mama," Kituo alisema.

"Marahaba." Mama akamtazama kuanzia vidoleni kwenda juu, bila haraka. "Umezivaa kinyume. Kisigino kiko mbele."

Mkewe akageukia upande wa pili, mabega yakimtetemeka.

"Nyoosha mguu," mama akasema.

"Mama, haifai."

"Lisilofaa ulishalifanya bafuni. Nyoosha."

Akazikunja kwa vidole gumba, moja baada ya nyingine, kwa ustadi wa mtu anayemenya kitu kila siku. Damu iliporudi, Kituo aliuma kola ya fulana. Kisha mama akazigeuza, akazikung'uta, na nyuma ya mtandio ulioshikwa na bintiye akazivaa mwenyewe, na jasho la mkwewe humo humo.

"Simama. Daktari kaniambia nitembee kila siku, na nyumbani hakuna mtu wa kutembea nami. Twende."

Wakaenda. Kilomita mbili hizo ziliwachukua muda mrefu kuliko zile nane. Karani akawapita, msoma mita akawapita, na gari la wagonjwa likawafuata nyumanyuma kwa adabu. Walipofika, watu walikuwa wanakunja utepe. Wakaukunjua tena kwa ajili yao, na mama akawa wa kwanza kuukata, kwa hatua moja mbele ya mkwewe.

Kesho yake Kituo hakuweza kuteremka ngazi ila kinyumenyume, ameshika ukuta, kila paja likimlaani kwa zamu. Mama mkwe alikuwa ameshavaa viatu, anamsubiri mlangoni.

"Daktari alisema kila siku," akamkumbusha.

Kituo akatafuta raba zake.