Sifa Aliyonyimwa Yuklan

Szeto Bakhung alikuwa mwana wa Szeto Mankwong, mganga wa mifupa, na mjukuu wa Szeto Chiu, aliyewafundisha watoto wa Kaiping, mji wa kwao ng'ambo, kuandika kwa miaka arobaini bila kumdai mjane hata kibaba cha mchele. Jina hilo la ukoo halikupata kutajwa kwa dharau. Kwa hiyo, siku alipomsindikiza mjukuu wake Yuklan kwenye usaili wa shule ya wasichana huko ugenini, mjini Bendigo, ambako ilibaki nafasi moja tu ya kusomeshwa bure, mzee alivaa koti la sufu ijapokuwa jua la Februari lilikuwa likichoma, akaketi wima.

"Bwana Szeto," alisema mwalimu mkuu, Bi. Penhallow, "majibu yake ya hesabu yametushangaza. Binti ana kipaji."

"La, Mwalimu. Huyu ni mvivu, na kichwa chake kizito. Mkimpokea mtajitwisha mzigo."

Akangoja jibu. Kwao, mwenye adabu humshusha wa kwake mbele ya mwenyeji, na mwenyeji humkatalia kwa nguvu, hata mtoto akapanda juu kuliko alipokuwa. Bi. Penhallow hakukatalia. Alimtazama Yuklan, aliyekuwa akitazama viatu vyake, kisha akaandika mistari miwili.

Barua ilifika baada ya siku tisa. Nafasi alipewa mwingine. Shule ilitilia shaka kama Yuklan angetiwa moyo nyumbani, tena ilimshauri akaonane na mshauri wa watoto.

"Mwanamke yule hakufunzwa!" mzee alifoka. "Nimemfungulia mlango akusifu, yeye anaufunga!"

"Ameandika ulichosema, Babu. Hata mimi niliamini."

"Uliamini nini?"

"Kwamba kichwa changu ni kizito. Si unawaambia watu wote? Hata muuza samaki!"

"Muuza samaki ni mtu wa kwetu! Yeye hujibu inavyopasa."

"Mimi huwa nimeshatoka nje, Babu. Sijawahi kumsikia akijibu."

Asubuhi iliyofuata mzee alivaa lile koti, akaenda shuleni peke yake, akatamka mbele ya Bi. Penhallow sifa ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kutamkiwa na baba yake. Zilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki. Mwalimu alisikitika kweli, lakini nafasi ilikuwa imekwisha kwenda.

Aliporudi alimkuta Yuklan jikoni akimenya vitunguu saumu. Hakuketi.

"Nimemwambia yule mwalimu kwamba una akili kuliko baba yako, na kuliko mimi. Nimechelewa. Kosa ni langu."

Kisu kilisimama mkononi mwa msichana.

"Sasa nisikilize, maana sitarudia. Mwezi wa Mei shule nyingine itafanya usaili. Utakwenda. Wakikusifu, utashukuru, nami nitafunga mdomo wangu. Lakini humu ndani usitege sikio ukingoja sifa. Ukiniona nimekuja nawe, jua nimekwisha kusema. Nyoosha mgongo. Umesikia?"