Kitanda Kimoja Fargo

Leona Fettig aliamua kwenda kukopa mbali, mahali ambapo hakuna anayemjua. Ndiyo maana Jumatano ile aliomba ruhusa jikoni kwenye shule alikokuwa mpishi, akavaa koti lake la Misa, akaendesha gari hadi mji mkuu wa jimbo, Bismarck, kwenye barabara iliyojaa barafu kandokando. Njia nzima alisali rozari. Alipofika tendo la tatu akasahau yuko wapi, akaanza upya.

Mwanawe Duane alikuwa nyumbani, amelala kwenye chumba cha chini, hii ikiwa wiki ya tatu. Mji wao wa Odilia wote uliamini yuko magharibi kwenye visima vya mafuta. Leona hakuwadanganya. Watu walidhani hivyo na yeye akawaacha wadhani, na alipokwenda kuungama hakujua dhambi ya namna hiyo inaitwaje, akairuka. Ukweli ni kwamba visima vilikuwa vimemfukuza. Pombe ilishamlia kazi, ikamlia mke, na sasa ilikuwa inamla mwili, mtu wa miaka thelathini na sita mikono inamtetemeka kama babu. Lakini Jumapili usiku alipanda ngazi mwenyewe, akasimama mlangoni pa jikoni akasema, mama, nipeleke. Jumatatu Leona akapiga simu mji wa Fargo, kwenye nyumba moja inayotibu walevi. Walikuwa na kitanda kimoja. Wangekishikilia hadi Jumamosi mchana, na walitaka dola elfu sita kwanza. Bima ya Duane ilikufa siku moja na kazi yake. Akiba ya Leona ilishaliwa na hospitali ya marehemu mumewe, Anton, na kilichobaki kikaliwa na wakili wa Duane.

Benki kubwa ya Bismarck ilikuwa na vioo hadi juu na maua ambayo Leona aliyagusa akakuta ni ya plastiki. Walimkalisha mbele ya binti mmoja mpole mwenye kucha ndefu, ambaye hakumwuliza fedha ni za nini. Leona alimshukuru Mungu kwa hilo. Binti akauliza namba zake, akazibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, kisha akageuza uso taratibu.

"Mama, mashine haikuoni."

Leona akauliza haimwoni vipi na yeye amekaa pale. Binti akamweleza kwamba benki humpima mtu kwa mikopo aliyowahi kuchukua na jinsi alivyoilipa. Shamba, trekta, gari, vyote vilikuwa kwa jina la Anton. Tangu Anton afe, Leona hununua kwa fedha mkononi, na kama fedha haipo hanunui.

"Hujawahi kudaiwa popote?"

"Sijawahi. Ndivyo tulivyolelewa."

"Basi hapo ndipo penye tatizo, mama."

Akamshauri kwa roho safi kabisa: achukue kadi ya mkopo, anunue vitu vidogo vidogo, alipe kila mwezi, kisha arudi baada ya mwaka. Leona akamwuliza kama huo mwaka unaweza kupatikana kabla ya Jumamosi. Binti akacheka, akadhani ni mzaha wa bibi wa shamba, akampa kalamu ya bure.

Ilibaki benki ya pale Odilia, na chama cha akiba na mikopo cha parokia. Sasa Odilia si mji wa siri. Wanawake wa parokia wana mnyororo wao wa sala: mgonjwa akitajwa kwa mmoja, huyo humpigia simu wa pili, wa pili wa tatu, na kabla ya chakula cha jioni kila nyumba inakuombea, na kila nyumba inajua unaombewa nini. Hakuna anayefanya kwa ubaya. Hata Leona mwenyewe yumo kwenye mnyororo huo, na amepitisha mengi ya wenzake akiwa amepiga ishara ya msalaba.

Alhamisi baada ya kazi akaenda benki ya mji. Mwenye nayo ni Clarence Wangler, ambaye kanisani hukaa benchi la mbele yake, na aliyekuwa akiwinda kware na Anton kila vuli. Clarence hakumkalisha mbele ya mashine. Alimmiminia kahawa, akamwuliza habari za magoti, akalalamika kuhusu magoti yake yeye. Leona alipotaja elfu sita, akavuta karatasi tu na kuanza kuandika.

"Ya nini, shemeji? Naandika tu, si kwamba nakuchunguza."

"Paa," Leona akasema.

Neno lilitoka lenyewe. Alilisikia likitua mezani, akajua halirudi.

Kalamu ya Clarence ikasimama. Paa lile? Paa lile yeye na Anton walilipigilia kwa mikono yao, kiangazi kile cha nzige. Linavuja wapi, upande wa kaskazini? Akaanza kupiga hesabu ya mbao na vigae, akasema haifiki hata elfu moja na nusu. Akasema Jumamosi asubuhi atakuja na mpwa wake na ngazi, na Leona asithubutu kupika chochote, watakuja na mikate yao.

"Ukope elfu sita kwa paa la Anton mimi nikiwa hai? Nitamwambia nini nikimkuta huko?"

Leona aliangalia mikono yake. Angeweza kusema pale pale kwamba amedanganya. Lakini mtu alikuwa amekwisha kufurahi, macho yanang'aa kwa kukumbuka nyundo za ujana, na Leona mwenyewe alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri. Akasema labda ameharakisha, labda paa litasubiri theluji iishe, asijisumbue Jumamosi. Clarence akamtazama kidogo, si kwa hasira, kama mtu aliyenyooshewa mkono ukarudishwa mfukoni. Leona akaaga, kahawa yake ikabaki nusu.

Ndani ya gari alikaa bila kuwasha. Fadhila ya Clarence ilikuwa kwa ajili ya Anton, si kwa ajili yake, na sasa alikuwa ameitia doa. Kilichobaki ni kile alichokikwepa tangu mwanzo.

Chama cha parokia hakimwulizi mtu mashine inamwonaje. Leona alikuwa mwanachama tangu mwaka wa harusi yake, kwa hisa ya dola tano, na chama ni cha wenye hisa. Kukiomba si kuomba hisani. Lakini wanaotoa mikopo ni watu watatu wa hapo hapo, wanaojitolea. Wote waliopo mezani wakikubali, unaondoka na hundi. Mmoja akikataa, ombi linalala hadi Ijumaa nyingine. Na mmoja wa hao watatu alikuwa Bernadine Schatz.

Bernadine alikuwa mkwe mwenzake. Binti yake Krista ndiye aliyeolewa na Duane, hadi jioni ile Duane alipoingiza gari mtaroni amelewa, mtoto wao yuko kiti cha nyuma, mkono wa mtoto ukavunjika mahali pawili. Krista akachukua mtoto wakahamia jimbo la kusini. Bibi hawa wawili wanamwona mjukuu wao Krismasi kwa Krismasi, kila mmoja kwa siku yake. Miaka minne hawakuwa wamesema zaidi ya "amani ya Kristo" ndani ya Misa, tena kwa ncha za vidole.

Kamati hukaa Ijumaa, na Ijumaa za Kwaresima hukaa kwenye ukumbi wa parokia baada ya mlo wa samaki wa kukaanga. Leona alipakua viazi jioni nzima. Akawapakulia Clarence na mkewe, akampakulia Bernadine, ambaye alisema vinatosha. Baada ya Njia ya Msalaba watu wakatawanyika, na wale watatu wakavuta viti mwisho wa meza moja, kitambaa cha plastiki bado kinanata mafuta. Mwenyekiti alikuwa Ambrose Vetter, fundi magari mstaafu. Wa pili Linus Gross, mpeleka barua. Leona akavua aproni, akaikunja, akaenda kukaa mbele yao.

"Haya, Leona," Ambrose akasema. "Paa, gari, au meno? Maana Kwaresima hii kila anayekuja ni meno."

"Ni Duane."

Ambrose akaacha kutabasamu. Leona akaendelea hivyo hivyo, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na hataki kusimama njiani. Akasema Duane ni mlevi, hayupo visimani, yupo nyumbani kwake chini. Akataja Fargo, akataja kitanda, akataja kesho mchana na elfu sita. Ambrose akamwuliza mshahara wa jikoni ni kiasi gani, naye akasema, akaongeza kwamba atalipa mia na arobaini kila mwezi.

"Hadi lini?"

"Hadi deni liishe au niishe mimi."

Linus akatazama viganja vyake kana kwamba kuna anwani imeandikwa humo. Bernadine hakuwa amesogea. Alikuwa na tabia ya kukaa wima hata kwenye kiti cha kukunja.

"Yeye ndiye anataka kwenda," akauliza, "au ni wewe unayetaka?"

"Leo anataka."

"Na kesho?"

"Ya kesho siyajui, Bernadine. Ningeyajua nisingekuja hapa kukaa mbele ya macho yako. Nimechoka."

Jikoni mtu alikuwa anasugua sufuria. Bernadine akapitisha kidole kwenye mafuta ya meza, akakifuta kwa leso.

"Mtoto alipovunjika mkono ulikuja kwangu na keki ya kuchen," akasema. "Ukasimama pale mlangoni na sahani yako. Hukusema neno."

"Sikuwa na neno."

"Ungesema hilo basi."

Leona akatikisa kichwa kukubali. Kulia hakuweza, nguvu za kulia zilishakwisha tangu wiki ya kwanza. Ambrose akakohoa, akasema saa zinakwenda, wapige kura. Akamwangalia Bernadine kwanza, kwa vile ndiye mkubwa kwa umri kwenye kamati.

Bernadine akanyanyuka, akachukua birika.

"Kahawa imekwisha."

"Bernadine, mama, tunapiga kura hapa."

"Si mpige. Kahawa haijipiki."

Akaenda zake jikoni, viatu vinagonga sakafu, mlango wa kusukuma ukajirudi nyuma yake. Ambrose aliutazama mlango hadi ukatulia. Kisha akamgeukia Linus, akasema haraka na kwa sauti ya chini kwamba kwa wajumbe waliopo mezani, yeye anakubali. Linus akasema naye anakubali. Ambrose akaandika waliopo wawili, waliokubali wawili, akaomba kitabu cha hundi. Kwa fundi wa magari aliandika mwandiko mzuri.

Bernadine alirudi na birika na vikombe vinne. Hakuuliza kumekuwaje. Akamimina, akasukuma kimoja mbele ya Leona, na sukari akaisogeza upande wake bila kumtazama. Kahawa ilikuwa kali mno na imeungua. Leona akainywa yote.

"Sikiliza redio kabla hujatoka," Bernadine akasema akikusanya vikombe. "Huko njiani, Jamestown, wanasema theluji."

Leona aliporudi nyumbani taa ya chini ilikuwa inawaka. Akashuka kwa kushika ukuta. Duane alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amenyoa na kujikata mara mbili, begi kati ya miguu, uso kama wa mtu anayesubiri basi huku akiomba lisije.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Kwa Clarence?"

"Chamani."

Duane akawahesabu kichwani watu wa kamati. Leona aliona alipofika kwa wa tatu.

"Bernadine alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Sasa wote wanajua."

"Wanajua, ndiyo. Na wasiojua watajua kesho."

Leona akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, akavua viatu, akajikanda kisigino. Kesho asubuhi, ndivyo alivyopanga njia nzima: alale kwanza, aamke, asali, wasikilize redio, waondoke kukiwa na mwanga.

"Alisema nini?" Duane akauliza.

"Aliuliza kama unataka kwenda."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba leo unataka."

Duane akajifuta uso kwa mikono yote miwili. Kisha akalishika begi kwa mpini. Nje kulikuwa kumekwisha kuwa giza, theluji nyembamba inapita kwenye kidirisha cha juu.

"Basi tuondoke leo," akasema. "Mama, tafadhali. Tusingoje asubuhi."

Leona akaangalia theluji kidirishani. Kisha akavuta viatu vyake karibu, akaanza kuvivaa tena.