Mwanga wa Namba 214

Jumatatu saa tatu asubuhi, Driwaru alifunga pazia jeusi la maabara pale Arua, akawasha leza na kuweka chini ya lenzi kipande cha ngozi namba 214. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, na kilikatwa mjini Koboko kwa ajili ya utafiti wa malale. Darubini ile hupiga seli kwa fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, kwa pamoja, maana moja peke yake haina nguvu ya kuiamsha. Seli ikiamka hung'aa, na mashine hupima mwanga unakaa muda gani kabla ya kuzimika. Kwa kawaida ni nanosekunde mbili tatu, mabilioni ya sekunde moja yakigawanywa, na hapo mtaalamu hujua kama ngozi ni nzima.

Ngozi hii ilikuwa nzima, haina kimelea hata kimoja. Driwaru aliliona hilo dakika ya kumi, akazima leza, akaenda kula mihogo. Aliporudi, mwanga ulikuwa bado umetulia kwenye skrini kwa rangi za kijani, buluu na chungwa. Aliandika kwenye daftari: "Unaendelea."

Mwenye ngozi alikuwa barazani. Alikuwa amefika asubuhi hiyohiyo kutoka Koboko, akatandika mkeka, akaanza kusuka kawa la kufunikia chakula. Jina lake Sadiya, Mnubi wa miaka sabini, na wafanyakazi wote walimwita haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao.

"Watu ya hapa walinikata mkono mara tatu," alimwambia Driwaru. "Jibu hakuna. Sasa kule kwetu wanasema, mutu mzima hawezi kukatwa mara tatu. Mjukuu yangu Shamim anaolewa Jumamosi, na watu ya bwana harusi wamekataa kawa yangu."

Katika ukoo wao, chakula cha harusi hufunikwa kwa kawa lililosukwa na bibi wa bibi harusi. Kulikataa ni kumwambia mbele ya watu kwamba mikono yake inaambukiza. Na mara tatu zile zilitokana na umeme tu: ulikatika mara mbili, barafu ya friji ikayeyuka, vipande vikaharibika na ikabidi akatwe tena.

"Haboba, karatasi uliweka dole gumba inasema majibu ni ya mradi," Driwaru alisema. "Mimi nikisema, kazi inaisha."

"Hiyo karatasi nani alinisomea?"

Driwaru aliona aibu, akaenda kwa mkuu wa mradi, Daktari Obeti. Obeti alisema mwanga wa kukaa siku nzima ni kosa la mashine, uandikwe hivyo. Kuhusu jibu, alicheka kidogo.

"Tukimjibu mmoja itabidi tuwajibu wote. Tutamaliza lini?"

Sadiya alirudi kila asubuhi. Alhamisi ukindu wa rangi ulimwishia kabla ya kufika ukingoni, akaingia ndani na sindano yake kuomba uzi. Alisimama mbele ya skrini.

"Hii iko mkono yangu."

"Ndiyo, haboba."

Alitia sindano kwenye ile kijani, akavuta. Mwanga ulitoka kiasi cha kidole, ukakwama.

"Mtoto yangu, shika hapa. Peke yangu siwezi."

Karatasi ilikataza kusema. Kuhusu kushika uzi haikuandika chochote. Driwaru alishika, wakavuta pamoja, na mwanga ukatoka mrefu, kijani kwanza, kisha buluu, kisha chungwa, mpaka saa ya chakula cha mchana. Sadiya aliukunja mafungu, akatoka barazani kumalizia kawa. Skrini ilizimika. Mashine iliandika muda wa mwanga: siku tatu na saa nne. Driwaru alinakili.

Jumamosi, Koboko, kawa liliwekwa juu ya sinia mbele ya mama wa bwana harusi, Shamirah, mwanamke asiyeficha neno. Aliinama akaliangalia mchana kweupe. Kwenye nyuzi za mwanga, kila seli ilionekana imelala kando ya mwenzake, safi kama mchele uliochambuliwa.

"Kumbe haboba iko mzima," alisema.

"Mimi nilijua," alisema Sadiya. "Nyinyi ndiyo hamkujua."

Shamirah alinawa, akalifunua kawa, akala wa kwanza, akarudia. Vigelegele vilifika barabara ya Kongo, boda zikasimama. Sadiya alifurahi mpaka akalia, kisha akacheza, akiwa amelibeba kawa kichwani mchana kutwa.

Ripoti ya Obeti ilisema: namba 214, kosa la mashine, imetupwa. Wiki iliyofuata gari la mradi lilirudi Koboko na karatasi zilezile, zenye nafasi ya dole gumba na zisizo na nafasi ya jibu. Wanawake kumi na saba walitoa mikono wakakatwa.

Kesho yake asubuhi wote walikuwa barazani Arua. Kila mmoja alikuja na sindano. Ukindu wa rangi hakubeba hata mmoja.