Mguu wa Cherehani

"Punguza mguu, mwanangu," mzee alimwambia binti yake bila kuinua macho. "Hiyo ni sketi ya shule, si mashindano."

Binti alipunguza. Vyerehani vyao viwili vilitazamana katika chumba cha mbele, na kwa miaka kumi na tisa baba yake alikuwa akimwambia maneno hayo hayo. Mguu wa kulia wa binti ukishashika kasi kwenye kanyagio haumsikilizi mtu, hata mwenyewe.

Mguu huo ndio ulioiharibu bendi, au ndio ulioiunda, inategemea unamuuliza nani. Walianza watatu, na nia njema kabisa ya kupiga nyimbo za mapenzi, zile za polepole. Kinyozi wa jirani alishika gitaa. Wifi ya binti, mwalimu wa chekechea, akaimba. Binti mwenyewe akapewa dramu, kwa kuwa ile kubwa ya chini nayo ina kanyagio. Wimbo wa dakika tano akaumaliza kwa dakika moja na nusu. Kinyozi alimfukuza kwa gitaa, jasho likimtoka. Wifi akaacha kuimba, akawa anafoka kwa sauti ile ile ya kunyamazishia watoto arobaini. Walipomaliza walicheka mpaka wakakaa chini.

"Hii inaitwa panki, muziki wa kasi na fujo," Kinyozi alisema. Aliwahi kuiona kwenye simu.

Wakajiita Pindo Limefumuka. Wakapiga mara nne kwa miezi saba. Mara ya pili waliombwa waache. Leo ilikuwa ya tano na ya mwisho, maana wifi alikuwa amepata uhamisho na mizigo ilishafungwa.

"Baba, ni leo saa tisa. Pale ukumbini."

"Nina vifungo vya kushona."

"Vifungo havikimbii."

"Na kelele zenu nazisikia nikiwa hapa hapa."

Ilimuuma binti. Mtu aliyemfundisha kila kitu ambacho mikono na miguu yake ilikijua hakuwahi kumwona akipiga hata siku moja, na baada ya leo hapatakuwa na cha kuona.

Ukumbini walikuja watu kumi na saba, ukimhesabu na mlinzi. Katikati ya wimbo wa tatu binti aliinua kichwa, akamwona baba yake amesimama mlangoni, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Mguu ukababaika, pigo moja likapotea. Kinyozi hakugeuka hata, hakuna aliyegundua. Alipotazama tena mlangoni, mzee hakuwepo. Nyimbo tatu zilizobaki alizipiga kwa hasira tupu, na hazikuwahi kutoka vizuri hivyo.

Asubuhi iliyofuata alimkuta baba yake ameinamia shati la mteja. Binti alitunga uzi, na mzee akaanza.

"Ule wimbo wa tatu," alisema, "uliruka mshono mmoja."

Binti alishika gurudumu la cherehani, akalishikilia tu.

"Ni wewe uliyenibabaisha, baba."

"Basi ndiyo maana nikahamia nje, kwenye dirisha la ukumbi."

Akaingiza sketi chini ya sindano, akakanyaga. Mguu ukashika kasi, ukazidi, naye akasubiri kuambiwa apunguze. Upande wa pili, kanyagio la mzee likaanza kuongeza mwendo.