Chupa ya Mjomba Shukrani

Mchumba akipelekwa ukweni kujitambulisha, kazi yake ni kukaa kimya na kumwachia mshenga aseme. Alen alilijua hilo vizuri. Lakini siku ile kule Bumbuli sifa zilimponza, akafungua mdomo.

Walikuwa sebuleni kwa Mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, baba yake Modesta. Mzee alikuwa na sharti moja, na ukoo mzima ulilijua: mlevi haoi kwake. Mwanawe wa kwanza alikufa kwa gongo. Alen naye alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja Lushoto, kwa hiyo watu walishaanza kuguna. Modesta ndiye aliyemtetea. "Anamimina tu, tate," alimwambia baba yake. "Yeye hagusi." Mzee akalipokea neno hilo, maana binti yake hakuwahi kumdanganya.

Na hata hapo hakumdanganya. Alisema alichoambiwa na Alen. Alichofichwa ni kwamba kila baa ikifungwa, Alen alijimiminia kidogo, halafu kidogo tena, mpaka ukuta ndio unamshika asianguke.

Sasa mtauliza, kwenye nyumba kama ile wiski ilifuata nini? Ilikuwa ya mjomba. Mjomba wa binti ana haki yake, na mjomba Shukrani, mstaafu wa kiwanda cha chai kule Bulwa, alitaka wiski ya Skotlandi. Haki ya mjomba haikataliwi, hata na mzee wa kanisa. Alen akamletea ile ya bei nafuu.

Mjomba akaigeuzageuza chupa. "Hii si ile ya rahisi?"

Hapo alitakiwa kujibu mshenga. Alen akamwahi.

"Ni ya kuchanganya, mjomba, ndiyo maana bei yake si kali. Zamani kule kwao kulikuwa na wenye maduka waliozoea kuchanganya majani ya chai ili ladha isibadilikebadilike. Baadhi yao wakafanya vivyo hivyo na wiski. Ile nzito ya shayiri wakaichanganya na nyepesi ya nafaka nyingine, ikawa laini, watu wakaipenda."

Mjomba alifurahi kusikia habari za chai. Akamimina kwenye kikombe, akanusa. "Ina nini humu?"

"Asali kwanza. Moshi kidogo, kama wa jikoni. Halafu peasi lililoiva."

Mjomba akaonja, akatafutatafuta kwa ulimi. "Asali naipata. Peasi silioni."

"Haliji mwanzoni," alisema Alen, kwa raha zake kabisa. "Linakuja ukishameza, ukitoa pumzi puani."

Mshenga akakohoa. Alikuwa amechelewa.

"Ukishameza," alirudia Mzee Nathanaeli taratibu.

Masikio ya Alen yakawaka moto. Alitamani sakafu impokee. Angeweza kusingizia wageni wa hotelini, kwamba ndio waliomfundisha maneno yale, lakini uso wake ulishakiri kabla yake, na kila mtu mle ndani alikuwa ameuona.

Mzee akamwita Modesta kutoka jikoni. Akaja, akasimama mlangoni akijifuta mikono kwa khanga.

"Uliniambia hagusi. Tumesikia wote. Wewe umedanganywa, au umenidanganya?"

Modesta alimtazama Alen mara moja tu, na katika mtazamo ule Alen aliona kwamba ndiyo kwanza anamfahamu. Jibu la kweli, kwamba amedanganywa, lilikuwa jepesi, na lingeivunja posa pale pale. Modesta akapiga magoti.

"Nilijua, tate. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nisamehe."

Alen alikuwa na sentensi moja ya kusema: hapana, mzee, hakujua, ni mimi. Aliipata, ikafika mpaka kwenye meno. Kisha akafikiria kurudi Lushoto bila Modesta, akaimeza.

Mzee Nathanaeli hakufoka. Alimgeukia mshenga.

"Posa nimeipokea," alisema. "Sharti langu lilikuwa la kumkinga mtoto niliyemwamini mimi, na simwoni tena humu ndani. Huyu mchukueni."

Modesta hakuinuka. Alen alikuwa amepata mke, na hakuweza kumtazama.